Tukabishe kwa Pamoja

Hasina binti Boga wa Mwabungo kazi yake hasa ilikuwa kupaka hina. Bibi harusi yeyote kuanzia Ukunda mpaka Galu, kama mamake anajiheshimu, alipakwa na Hasina. Lakini haikuwa hina peke yake iliyowafanya watu wamwite. Wapaka hina wako wengi, na siku hizi hata vitoto vinajifunza kwenye simu. Hasina aliitwa kwa sababu akishamaliza kupaka alikuwa anafuta vidole, anakohoa kidogo, halafu anaanzisha wimbo, na wimbo huo ndio uliozungumzwa wiki nzima, pilau na mbuzi vimeshasahaulika.

Nyimbo zake zilikuwa za mafumbo. Kwa asiyejua harusi zetu, ngoja aelezwe, maana hapa ndipo mambo yote yalipoharibikia. Fumbo lina sheria moja: hutaji jina. Unaweza kumvua mtu nguo mbele ya wanawake wote wa mtaa, ukasema anavyokopa kwa huyu na kulala kwa yule, mradi jina lake lisikutoke. Mwenyewe atajijua. Utamwona ameacha kupiga makofi, au ghafla amekumbuka kuna sufuria ameiacha jikoni. Ukimtaja umemtukana, na aibu yote inahama kwake inakuja kwako. Hasina aliirithi sheria hiyo kwa mamake, Mwanapili, naye aliishika kuliko baadhi yetu tunavyoshika swala.

Tena fumbo haliendi kwa mtu mmoja. Lazima awepo wa kuitikia, wa kulipokea neno likiwa bado moto. Mwitikiaji wa Hasina alikuwa shoga yake Zainabu. Hao wawili walianza pamoja chuoni, juzuu mkononi, wakawa wanapokezana aya mpaka mwalimu anachanganyikiwa ni nani amesoma na nani amedandia. Wameolewa mwaka mmoja, wamelea pamoja. Swabir, kifungua mimba wa Zainabu, alinyonya kwa Hasina wakati mamake alipougua. Ukisema ndugu, hao ni zaidi.

Sasa tuje kwenye njia. Pale Mwabungo kuna kinjia cha mchanga kinachotoka barabarani, kinapita katikati ya viwanja viwili vikubwa, kinakwenda kutokea baharini. Watu wanakiita njia ya kwa Mwero, na huyo Mwero hakuna aliye hai anayemjua. Wakati wa bamvua, maji yakitoka mbali, wanawake hupita hapo na vyuma vyao kwenda mwambani kutafuta pweza. Mwanapili alimlea Hasina na ndugu zake kwa pweza wa njia hiyo. Na mpaka leo, bibi kizee yule, magoti yanamlia, bado anakwenda, kwa sababu ni karibu. Ukimwambia azunguke mpaka Galu ndipo aifikie bahari, umemwambia akae nyumbani asubiri kufa.

Basi akatokea mtu mwenye hoteli, amenunua viwanja vyote viwili, cha huku na cha huku, akaona njia ile inamkata katikati. Akaitaka iwe yake. Na aliyemsemea si mwingine, ni mwakilishi wa wadi, Mheshimiwa Feisal, mtoto wa papa hapa, aliyezunguka nyumba kwa nyumba akiomba kura na kuapa kwamba hakuna njia ya mwananchi itakayofungwa yeye akiwa hai. Alikunywa chai barazani kwa Mwanapili. Alimwita mama. Leo amevaa suti anasema maendeleo hayana budi.

Sheria, hata hivyo, inataka wananchi waulizwe kwanza. Likapita gari la matangazo kutangaza kikao cha kutoa maoni, siku ya Alhamisi, ukumbini. Hasina alilisikiliza gari lile akajua litakavyokuwa. Vikao hivyo wanawake hawaendi. Wanaume wachache wataketi, watapewa soda, watapiga makofi, na kesho yake mtaambiwa nyinyi wenyewe ndio mlioridhia. Hilo lilimchoma. Kuna mchana mmoja alikuwa anakoroga hina kwenye bakuli, akaacha kukoroga, akaanza kuimba chini kwa chini. Hina ikamgandia. Wimbo ukazaliwa.

*Nyumba yetu tumejenga, mlinzi tukamuweka,*
*Ufunguo tukampa, mlangoni akaketi;*
*Twarudi kutoka shamba, komeo limefungika,*
*Alhamisi twende sote, tukabishe kwa pamoja.*

Hilo neno la mstari wa mwisho alilipenda mno. Tukabishe. Aliye nje ya mlango anabisha hodi. Asiyekubali jambo anabisha pia. Neno moja, kazi mbili. Alikwenda mbio kwa Zainabu akamwimbia hata salamu hajatoa, na Zainabu akacheka mpaka akakaa chini.

"Tukabishe," Zainabu alirudia. "Wewe mwanamke una sumu."

Wakauingiza kwenye harusi ya kwanza, na wanawake wakaudaka hapo hapo. Harusi ya pili waliukuta umeshafika kabla yao. Ukaenda Tiwi, ukarudi, ukaingia Ukunda, madereva wa tuktuk wakaurekodi wakawa wanaupiga wakisubiri abiria. Na jambo lililomtia Hasina machozi halikuwa sifa. Ni kwamba mahali popote ulipoimbwa, kuna mwanamke aliyeuliza baadaye, kikao chenyewe ni saa ngapi, na mtu ukifika unasemaje. Wanawake ambao hawajawahi kuingia ukumbi ule ila kwa chanjo ya watoto. Wimbo wake ulikuwa unawanyanyua mkekani.

Mmoja tu ndiye hakuridhika, naye ni Kache, muuza makaa wa sokoni Ukunda, mzaliwa wa kule bara ya Kinango, mtu wa kusema analolifikiri. Alimsikiliza Hasina mpaka mwisho, amekunja mikono.

"Wimbo ni mzuri," alisema. "Lakini huyo mlinzi ni nani?"

"Kila mtu anamjua."

"Mimi namjua. Wewe unamjua. Je, karatasi ya kikao itamjua? Mama, sema Feisal. Sema njia ya kwa Mwero. Badala ya tukabishe, sema tukakatae."

Hasina alimwonea huruma, kama unavyomwonea mtu asiyejua kula na wenzake. "Kache, dada yangu, tukakatae haina utamu. Na mtu hatumtaji. Ukimtaja umekosa adabu."

"Kwetu mtu akiiba mbuzi tunamwita mwizi wa mbuzi," Kache alisema. "Na jina la babake tunaliongeza."

Wakacheka, Kache akarudi kwenye makaa yake. Angesikilizwa siku ile, hadithi hii ningekuwa nawasimulia kwa furaha.

Zainabu akaanza kutoonekana. Mara anaumwa kichwa, mara ana mgeni. Hasina hakushuku kitu. Mtu umenyonyesha mwanawe, utamshuku kwa lipi? Alimpelekea uji wa pilipili manga, akaambiwa Zainabu ametoka. Akauacha mlangoni.

Juma moja kabla ya kikao, Hasina alikuwa Ukunda akimpaka bibi harusi. Mkono wa kulia umekwisha, yuko kwenye wa kushoto, mara spika zikalia kutoka uwanjani. Mheshimiwa Feisal alikuwa na mkutano. Uchaguzi bado uko mbali lakini hao hawaachi kunusa. Kisha ukaja wimbo. Wake. Nyumba yetu tumejenga. Bibi harusi akatabasamu akasema, "Shangazi, si ule wako?" Hasina akajibu ndiyo, na moyo ukamruka kwa furaha, akidhani wanawake wamemvamia Feisal mkutanoni kwake wamwimbe usoni. Alimwomba msichana radhi, akaacha mkono nusu, akajifunga leso akaenda mbio.

Hakuna aliyevamia. Jukwaani walikuwa wanawake wamevaa leso mpya zenye picha ya Feisal, na mbele yao, kipaza sauti mdomoni, Zainabu. Feisal mwenyewe alikuwa anacheza, mabega yanakwenda, anafurahia kabisa. Hasina alisimama nyuma ya umati akasikiliza.

*Nyumba yetu tumejenga, mlinzi tukamuweka,*
*Ufunguo tukampa, mlangoni akaketi;*
*Wezi walipotujia, komeo akalifunga,*
*Alhamisi twende sote, tukapishe kwa pamoja.*

Mstari mmoja umegeuzwa, na herufi moja. Mlinzi aliyewafungia wenyewe nje amekuwa shujaa aliyezuia wezi. Kubisha kumekuwa kupisha. Feisal akachukua kipaza sauti, jasho linamtiririka, akasema, "Mmewasikia mama zangu. Tupishe maendeleo yapite." Watu wakapiga makofi. Na walio wengi, Mungu shahidi, hawakuona kama kuna kilichobadilika. Wimbo ni ule ule, sauti ni ile ile waliyoizoea, na wimbo mzuri hauna mtu anayeukagua.

Hasina alimngoja Zainabu nyuma ya jukwaa. Alikuwa amepanga maneno mazito, lakini alipomwona aliweza moja tu.

"Zainabu."

Zainabu hakujificha. Pengine ingekuwa nafuu angejificha. "Swabir amepata kazi hotelini," alisema. "Amekaa nyumbani miaka, Hasina, wewe unajua. Feisal ndiye aliyempeleka."

"Na mama yangu? Atapita wapi?"

"Njia itafungwa niimbe nisiimbe."

"Ungeniambia. Ungesema, Hasina, mwanangu amepewa kazi, mimi najitoa. Ningekuelewa. Lakini kuuchukua wimbo wangu..."

"Wako kwa lipi?" Zainabu alisema, na hapo sauti ikapanda kidogo. "Jina la nani limo? Mlinzi ni mlinzi. Ungemtaja Feisal, mimi ningeanzia wapi kuugeuza? Umeuacha mlango wazi mwenyewe."

Hasina alilia njia nzima, kwenye tuktuk, mbele ya dereva asiyemjua. Hakulia kwa sababu ametukanwa. Alilia kwa sababu shoga yake alikuwa anasema kweli, na kweli ile alikuwa ameipata kwa kukaa naye miaka yote ya kuimba, yeye Hasina akimfundisha fumbo linavyotungwa.

Kache alipopata habari alifunga biashara akaja Mwabungo. "Bado siku zipo," alisema. "Tunga mwingine. Weka jina, weka njia, weka kila kitu." Mwanapili naye alikuwepo, amekaa mlangoni anakuna nazi. Hakuinua uso. Alisema tu kwamba katika nyumba yake hakujatajwa mtu wimboni tangu enzi za bibi yake, na hatakuwa Hasina wa kuanza. Hasina akamtazama mamake, akamtazama Kache.

"Wanawake wanajua maana yake," alisema. "Niliwaimbia mimi. Wakinisikia mimi watajua."

Kache akashika kiuno, kisha akarudi kwenye makaa yake.

Alhamisi ikafika, na kwa kweli wanawake walikuja. Ukumbi ule haujapata kuona leso nyingi namna ile. Viti vikaisha, wakakaa sakafuni, wengine wakasimama madirishani na watoto mgongoni. Hasina alipoingia na mamake akaona watu walivyojaa, alisahau yote, akaona amefanikiwa. Hawa wote nimewaleta mimi, alijisemea, na alikuwa hakosei. Zainabu alikuwa amekaa mbele, karibu na meza. Hawakusalimiana.

Afisa aliyeletwa kusikiliza maoni alikuwa kijana wa kutoka bara, mpole, Kiswahili chake cha shule, na ugeni wake ulionekana hata kwenye namna alivyotamka Mwabungo. Hakuwa mtu mbaya. Aliwasikiliza wanaume watatu, mmoja akisema njia isifungwe, wawili wakisema hoteli itawaajiri vijana. Kisha Feisal akainuka akanyoosha suti. "Afisa, umesikia wazee. Ukiona ukumbi umejaa hivi ujue kuna wenyewe, ni akina mama. Tuwape nafasi."

"Naam," afisa alisema. "Akina mama mnasemaje?"

Wakati huo ndio Hasina aliokuwa akiungoja. Akasimama katikati ya ukumbi, hana kipaza sauti, akakohoa kidogo kama ilivyo kawaida yake, akaanzisha. Nyumba yetu tumejenga. Ukumbi mzima ukaitikia, na alihisi sakafu inamtikisika miguuni. Mstari wa pili. Na wa tatu ulipofika, wimbo ukapasuka. Wengine walirudi kutoka shamba, wengine walijiwa na wezi. Na mtu alikuwa amempa Zainabu kipaza sauti. Aliitikia kwa nguvu zote za spika, ile sauti iliyokuwa haijawahi kumwangusha Hasina hata siku moja, na neno la mstari wa mwisho likatoka limefunika maneno ya wote. Tukapishe. Hasina alipiga kelele, tukabishe, tukabishe, lakini ba na pa kwenye kelele zile nani atazitenganisha? Vigelegele vikapanda. Feisal alishakuwa anacheza.

Afisa alikuwa anatabasamu. Alitikisa kichwa kwa mahadhi, kisha akaandika, akasoma kwa sauti aliyoandika: "Akina mama, kwa nyimbo na vigelegele, wamesema tupishe. Ahsanteni. Nimesikia vizuri."

Kilichomtoka Hasina baada ya hapo hakukipanga. Alimnyooshea Feisal kidole, mbele ya watu wote, na hasira ilimrudisha kwenye lugha ya mamake, Kidigo chake cha nyumbani ambacho yule afisa hajui hata salamu yake. Alisema mlinzi ni wewe, Feisal. Alisema ulikunywa chai kwetu ukaapa. Alisema njia ya kwa Mwero ni yetu na sisi hatukubali, andika kwamba hatukubali. Jina alilitaja mara tatu, yeye ambaye hajawahi kumtaja mtu maishani. Kila mtu ukumbini, isipokuwa afisa, alielewa kila neno.

Wanawake waliocheza wimbo wake harusi zote hizo waliinamisha macho, wakavuta leso, kama aliyeinuka pale ni mlevi. Mkono ukamshika upindo wa leso ukamvuta chini. Ulikuwa wa Mwanapili. "Adabu, mwanangu," mamake alimnong'oneza. "Kaa chini, adabu." Hasina alimgeukia mama aliyekuwa anamtetea, na kidole kikashuka.

"Samahani," afisa aliuliza, akitazama huku na huku. "Huyu mama amesemaje?"

Hakuna aliyejibu. Afisa akamtazama Zainabu, mwenye kipaza sauti. Zainabu alimtazama Hasina kwa muda, na Hasina aliiona wazi ile nukta ambayo shoga yake angeweza kurudi.

"Anasema ahsante," Zainabu alisema.

Kutoka mlangoni Kache alipaza sauti, "Hakusema hivyo." Mtu akamwambia mwenzake, yule si wa hapa, na watu wa karibu wakamwambia Kache anyamaze. Afisa hakusikia. Alimwinamia Hasina kwa heshima, mkono kifuani.

"Karibu sana, mama," alisema.

Hasina akavuta pumzi atengeneze Kiswahili chake, aanze upya, neno kwa neno, taratibu, kama Kache alivyomwambia. Lakini Feisal alikuwa ameshamwashiria maalimu aliyekaa pembeni, na maalimu amefumba macho ameanza Fatiha. Hasemi mtu juu ya dua. Hilo halihitaji kufundishwa. Viganja vikainuka ukumbi mzima, vya wanaume na vya wanawake, cha Zainabu kimoja kwa sababu kingine kilikuwa na kipaza sauti, na vya Mwanapili vimepauka kwa maji ya chumvi. Maalimu akaomba mradi uwe na baraka. Akaomba viongozi wapewe umri. Akaomba Mola awafungulie watu wa Mwabungo milango ya kheri, na kila alipotua, ukumbi uliitikia.

Hasina alisimama na maneno yake mdomoni, akingoja dua iishe. Ndipo akahisi mikono yake imeinuka, iko mbele ya kifua, na ile sauti nyembamba anayoisikia katikati ya sauti nyingine zote, inayosema amin, amin, ni yake.